Na Maji Nani Alipandisha?

Ndugu mhariri, na nyinyi wenzangu wa kijiwe hiki cha kalamu, leo sina hadithi wala shairi. Nina uhakiki, na kama ilivyo ada ya uhakiki, watakuwepo watakaonuna. Wa kwanza kununa ni mimi mwenyewe, maana kazi ya kwanza nitakayoiweka mezani na kuipasua ni yangu.

Hebu chukua matoleo ya jarida letu yaliyopita, uyapange kitandani, uhesabu hadithi zenye nyumba ya kale ndani yake. Mimi nimeacha kuhesabu. Kijana anaingia katika jumba bovu la Unguja, Lamu au Bagamoyo. Mlango una njumu za shaba. Boriti za mikoko zimeliwa na mchwa. Anaweka kiganja ukutani, na ukuta unaanza kumsimulia mambo ya wafalme. Ghorofani kuna binti wa kifalme analia, na sababu ya kilio chake siku zote ni mapenzi. Hadithi inafungwa kwa maneno yaleyale: laiti kuta zingekuwa na midomo. Jamani, kuta zetu hazijawahi kunyamaza! Zimesema toleo kwa toleo, na katika kusema kote huko hazijamtaja mpishi hata siku moja.

Mimi nami nimo. Mwaka 2017 nilivuka kwenda Unguja kwa harusi ya binamu yangu. Mchana mmoja wanaume tulitolewa nyumbani kupisha mambo ya kina mama, nikajikuta Mizingani, mbele ya lile jumba jeupe linalotazama bahari, Makumbusho ya Kasri. Nikalipa kiingilio, nikapanda. Nikaona viti, vitanda, makabati, picha za masultani. Nikatoka kichwa kinawaka moto. Kurudi Dar sikulala vizuri, na baada ya siku tatu nikawa na kurasa 11. Jina lake: "Kitanda cha Sultani".

Kikundi chetu hukutana Magomeni, uani kwa bibi yangu, kwa sababu mbili za kisanaa: pana mwembe, na chai ni ya bure. Nikasoma hadithi yangu kwa sauti ya redio. Washikaji wakapiga makofi. Mmoja akasema ni bomba ile mbaya. Bibi yangu, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, alikuwa pembeni anachambua mchele, nami nilidhani hasikilizi.

"Mume wangu," akaniita, kama bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "na maji nani alipandisha?"

"Maji gani, bibi?"

"Huyo Sultani wako kaoga, katawadha, kanawa mikono kabla ya kula na baada ya kula. Na yuko huko juu ghorofani. Tangu ulipoanza kusoma namngoja mwenye debe apite. Hakupita."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

Jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka, ndipo bibi akanieleza jambo ambalo maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza. Mama yake, yaani mamake bibi, alikuwa akitoka Ng'ambo kila alfajiri kwenda kutumika katika nyumba moja ya ukuta mjini. Haikuwa nyumba ya Sultani. Ilikuwa nyumba ya mtu mwenye uwezo tu, mwenye ghorofa zake. Kazi yake ilikuwa maji. Alichota kwenye bomba la mtaani, akapandisha kwa kichwa, debe baada ya debe. Wenye nyumba walimwita kwa jina walilompa wao. La kwake hawakulijua. "Nilipokuwa namsuka," bibi akasema, "hapa utosini hapakuwa na nywele. Pamekaa kama kisahani cha kikombe. Nikisuka, nazunguka pale."

Basi nikaona aibu yangu ilivyo kubwa. Kitukuu wa mchota maji alilipa kiingilio, akapanda ngazi za watu, akaandika kurasa 11 juu ya kitanda. Tangu siku ile nimekuwa nikirudia kusoma, na kilichomo humu ni matokeo ya kusoma huko.

Kwa ambao hawajavuka bahari, kwanza nilieleze jumba lenyewe kwa tarehe zake, maana mhakiki asiye na tarehe ni mpiga porojo.

Mahali pale palisimama kwanza Beit al-Sahel, nyumba ya pwani, iliyojengwa zama za Seyyid Said bin Sultan katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Seyyid Said alikuwa na kasri jingine nje ya mji, upande wa kaskazini, Beit al-Mtoni, naye aliigawa wiki yake baina ya nyumba hizo mbili. Karibu na Sahel ilikuwepo pia Beit al-Hukm, na mwaka 1883 Sultani Barghash akaongeza Beit al-Ajaib. Mbele yote ya mji, ukitazama kutoka baharini, ikawa nyumba za Sultani. Ni Barghash huyohuyo aliyeingiza mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Kabla yake, kila tone lililofika ghorofani lilipanda kwa miguu ya mtu.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza. Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao, hawakumtaka. Wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka, na meli zao zikafungua mizinga. Vita hivyo havikumaliza hata saa moja: wengine huandika dakika 38, wengine 45. Beit al-Sahel na Beit al-Hukm ziliharibiwa vibaya. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Wajerumani, na mwaka uleule wakamleta huku kwetu Dar es Salaam. Upande wake watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Jumba tunaloliona sasa lilijengwa baada ya mizinga ile. Mwaka 1911 Beit al-Ajaib ikawa ofisi za serikali ya Waingereza, na jumba hili ndilo likawa makazi rasmi ya Sultani. Khalifa bin Harub alitawala kutoka mwaka huo wa 1911 mpaka 1960, akafuata Abdullah, kisha Jamshid aliyeingia mwaka 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Jamshid aliondoka kwa njia ya bahari, akaishi Uingereza miaka mingi, na alifariki Oman mwezi Desemba 2024. Jumba lilipewa jina la Jumba la Wananchi, likawa ofisi za serikali. Mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho.

Hiyo ndiyo historia. Angalieni sasa nilivyoisimulia. Said, Barghash, Hamad, Khalid, Khalifa, Abdullah, Jamshid. Aya tatu, majina saba, na wale 500 wa mwaka 1896 nimewapa sentensi moja bila jina hata moja. Inakadiriwa kuwa asubuhi ile mlikuwa na watu wapatao 3,000 ndani ya majumba yale: walinzi, watumishi, watumwa. Baharia wa Kiingereza alikuwa mmoja, nasi tunamkumbuka vizuri kwa sababu ni rahisi kumhesabu. Hivi ndivyo kosa linavyoingia kalamuni. Huhitaji kuwa mtu mbaya. Inatosha kufuata orodha iliyokwisha kuandikwa.

Tuje kwenye makumbusho. Shuleni tulifundishwa kupasua kazi kwa fani na maudhui, basi nami nalipasua jumba kama nilivyoliona mwaka 2017. Msuko wake ni wa moja kwa moja: unaanza chini na mambo ya zamani, ukipanda ngazi unapanda na miaka, mpaka juu kwa Sultani Khalifa. Wahusika wakuu ni masultani. Kuna mhusika mmoja wa pembeni aliyepewa chumba chake, binti Salme, na kwa hili nawapa waandaaji heko. Msichana aliyetoroka amewekwa chini ya dari moja na ukoo aliowatoroka, na hilo ni jambo la ujasiri. Wahusika wadogo hawamo.

Lakini jumba lile lina sentensi moja nzuri sana, na katika hadithi yangu sikuiona. Huko juu, katika vyumba vya miaka ya mwisho, kuna kabati la fomaika. Ndiyo, fomaika ileile ya meza za mgahawa. Nilipoliona nilivunjika moyo. Nilikuwa nimekuja kutafuta pembe za ndovu na dhahabu, naonyeshwa kabati kama la mjomba wangu wa Kariakoo! Kwenye hadithi yangu nikaligeuza kuwa la mpingo. Leo nakiri kuwa hilo ndilo kosa langu kubwa la fani. Kabati la fomaika lilikuwa linaniambia kitu ambacho picha za ukutani haziwezi kusema: kwamba mwenye kasri, miaka ile, alikuwa mtawala chini ya mtawala, anayenunua vitu vya kisasa kama bwana yeyote wa mjini, na kwamba mwisho ulikuwa unakaribia. Ukweli ulikuwa mbele ya macho yangu nikaupaka rangi ya hadithi za kale.

Najua mtakachosema. Mtasema makumbusho huonyesha vilivyobaki. Kiti cha Sultani kimebaki kwa sababu kilikuwa kiti cha Sultani. Debe la mchota maji likitoboka lilitupwa. Kweli kabisa, nakubali. Mlinzi wa makumbusho hawezi kuweka kabatini kitu ambacho hakuna aliyekitunza. Sisi je? Sisi tuna ruhusa ambayo yeye hana. Mwandishi wa hadithi anaweza kuliunda upya debe lile kwa maneno, likavuja, likamlowanisha mtu shingo. Sasa kama na sisi, wenye ruhusa hiyo, tunaingia mle na kutoka na kitanda kilekile kilichokwisha kuonyeshwa, tumeandika nini? Tumenakili orodha ya samani.

Tazameni basi vitabu viwili vilivyopita njia hii kabla yetu.

Cha kwanza ni cha Salme mwenyewe, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa zama zake walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wenzangu mnaolalamika kwamba karatasi ni ghali, mmesikia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa sababu ya mapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaoana, wakaishi Hamburg. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zimeandikwa na mtu mwenye baridi anayekumbuka jua, na mnajua kumbukumbu za namna hiyo zinavyong'aa.

Nani anasema Salme hakuona jikoni? Aliona. Ukurasa wake wa ua wa Beit al-Sahel ni mtamu kuliko hadithi zetu zote tukizichanga. Kuna wapishi wanaogombana, nyama inayopikwa mnyama mzimamzima, samaki mkubwa wa kubebwa na watu wawili, matunda yanayoingia kwa mizigo na mizigo. Unasikia kelele, unasikia harufu. Kinachonikwaza ni mahali anaposimama kutazama. Anatazama kutoka juu, barazani, kama mtoto anayetazama ngoma. Samaki tunamwona sawasawa, magamba na yote. Wale wawili waliombeba hawana nyuso.

Kuna kubwa zaidi. Mama yake Salme alitekwa akiwa mtoto katika nchi ya Wacherkesi, wazazi wakauawa, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Sultani. Salme anaisimulia habari hii kwa uchungu wa kweli. Halafu, katika kitabu hichohicho, anautetea utumwa wa Unguja na kuwalaumu Wazungu kwamba hawauelewi. Mara ya kwanza niliposoma nilikitupa kitabu chini. Mara ya pili nikakiokota, kwa sababu niliona kinaniandama mimi. Yeye alimlilia mama yake, kwa kuwa alimjua jina. Huruma yake ilifika pale jina lilipofika, ikasimama. Na mimi, je? Mamake bibi yangu nilikuwa simjui jina mpaka jioni ile.

Kitabu cha pili ni cha nyumbani, Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1978. Kasri hili si la Sultani. Ni la mwinyi mwenye mashamba, na Mapinduzi ya 1964 yanalikuta mlemle. Adam Shafi alifanya kile ambacho makumbusho na Salme hawakufanya: alimtoa mtumishi jikoni akamweka katikati ya riwaya. Kijakazi anafua, anapika, anatumwa, anatukanwa, na tunamfuata yeye. Kwa hilo tu, kitabu hiki kinastahili kusomwa na kila mmoja wetu kabla hajaandika tena neno "kasri".

Lakini uhakiki si maulidi, hatusomi sifa tu. Mhusika yule anaitwa Kijakazi. Hilo ni jina la kazi kabla ya kuwa jina la mtu. Nadhani mwandishi alikusudia, atuonyeshe jinsi kasri linavyomla mtu mpaka jina. Hoja ina nguvu. Hata hivyo gharama yake ni kwamba Kijakazi anasimama badala ya vijakazi wote, na anayesimama badala ya wote huwa hana ukorofi wake mwenyewe. Sijui anapenda kula nini. Sijui anamcheka nani moyoni. Naye Mwinyi Fuad ni mbaya asubuhi, mchana na jioni, hata ukamtamani apatwe na homa siku moja tuone binadamu. Kinachoniuma ni hiki: kitu cha kweli kabisa kilichomo mle ni ule utii wa Kijakazi, kule kung'ang'ania kumtumikia mtu anayemtesa. Utii ule unatisha. Riwaya inauona, lakini ina haraka ya kufika kwenye Mapinduzi, na mapambazuko yanapofika yanaufuta. Mimi ningependa kukaa nao kidogo, nijue ulilala wapi usiku.

Msinielewe vibaya. Siombi kitabu cha katikati, nusu sifa kwa Sultani, nusu machozi kwa mtumwa. Najua pia kuwa mambo ya 1964 yana damu na bado yana wenyewe, kila upande na maiti zake, na kijana wa Magomeni hana haki ya kuwagawia watu haki kwa kijiko. Ninachosema ni cha fundi kwa mafundi. Salme anaijua nyumba, haoni mikono. Shafi anaona mikono, lakini nyumba yenyewe kwake ni ngome ya adui, hukai ndani ukasikia upepo wa kusi. Hadithi ambayo bado haijaandikwa ni ya yule aliyekuwa na vyote viwili: aliyeijua nyumba ile kuliko mwenyewe kwa sababu aliisugua kila ngazi.

Nina kielelezo kimoja zaidi, nacho si cha kitabuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, pamoja na mnara wake wa saa. Nilikuwa hapahapa uani habari ilipofika. Nilishika kichwa. Nikasema, masikini ile saa! Nikasema, masikini ile milango! Wenzangu nao wakasema hivyohivyo, mmoja akaanza papo hapo beti za kuomboleza mnara. Bibi akauliza kama kulikuwa na watu ndani. Walikuwemo. Mafundi wawili walikufa chini ya kifusi kile. Katika mashairi yaliyoletwa kwenye kikundi chetu juu ya tukio hilo, niliyoyasoma mwenyewe yote, mnara ulipewa roho, saa ikapewa moyo na macho, na jumba likaitwa mama. Wale mafundi wawili hawakupewa hata ubeti.

Hapo ndipo nilipojua kuwa ugonjwa wetu hauhusu historia. Hatukosei kwa sababu zamani ni mbali. Walikufa Krismasi, mwaka ambao sote tulikuwa hai, na bado tulililia jengo. Tumezoea kuandika kana kwamba nyumba kubwa huota zenyewe kama uyoga, na kana kwamba hujisafisha, hujikarabati na kujipelekea maji. Mwandishi akizoea hivyo, haitamponza kwenye kasri tu. Ataandika hoteli bila wahudumu, hospitali bila wafagiaji, na nyumba yake mwenyewe bila dada anayemfulia.

Basi mnisamehe nikitoa ushauri, japo sijaombwa. Ukiingia katika jumba la kale na daftari lako, usianze na mlango wa mbele. Mlango ule ulichongwa ili ukushangaze, nawe ukishangaa umefanya kama ulivyoagizwa. Uliza jiko lilikuwa wapi. Uliza maji yaliingilia wapi na uchafu ulitokea wapi. Hesabu ngazi, halafu zihesabu tena ukiwa umebeba kitu kizito. Ukimtaja mtu mmoja kwa jina, jiulize kwa nini wa pili hana. Kama huna jina la kweli usilizushe la kihistoria. Tunga la hadithi, umpe na chakula anachokipenda na mtu anayemcheka. Na kabla ya kwenda makumbusho, pitia kwanza kwa bibi yako. Kiingilio ni bure.

Mimi nimeichana "Kitanda cha Sultani". Nimeanza upya, na safari hii hadithi inaanza bombani, alfajiri, foleni ya madebe. Mamake bibi yangu nimempa jina lake, lile ambalo wenye nyumba hawakulijua; hapa silitaji kwa kuwa bibi ameniomba liwe ndani ya hadithi kwanza. Nilipomsomea kurasa mbili za mwanzo alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchele wake.

"Umekosea," akasema. "Umempandisha moja kwa moja mpaka juu. Mtu na debe hapandi hivyo. Anatua kwenye kona ya ngazi, anapumzika. Wote walikuwa wakitua pale."

"Wakifanya nini, bibi?"

"Wakisikiliza. Kutoka pale unasikia wa juu wanasema nini na wa chini wanasema nini. Mama yangu habari zote za nyumba ile alizijulia konani."

Nimerudi kuandika. Niko kwenye kona ya ngazi, debe liko chini, na bado sijajua wa juu wanasema nini. Naomba kuwasilisha.